Nilimshuku jirani kuwa anamaliza mahindi ya kihenge chetu, Nangara

Wakuu, heshima kwenu. Walionizidi umri, shikamooni.

Mimi ni msomaji tu wa jukwaa hili. Kuandika si kazi yangu, shule niliiachia darasa la sita. Nimesukumwa na kijana aliyeuliza kupanda zao moja shamba zima kuna ubaya gani.

Haya yalinipata mwenyewe, Babati, miaka ya themanini. Si chai. Tarehe naweza kukosea, njaa siwezi.

Baba alitangulia, mama akafuata. Tukabaki wanne pale Nangara. Mimi Natalia ndiye mkubwa, miaka kumi na sita. Nyuma yangu Bura, kisha Elizabeti, na wa mwisho Fausta, aliyekuwa bado anang'oka meno ya utoto.

Baada ya matanga, baba mdogo alikuja kutoka Bonga akanikalisha.

"Nakuachia watoto mpaka Krismasi. Nikija nikute chakula ndani. Nisipokuta, nawagawa."

Bura angekwenda kwake kuchunga. Elizabeti kwa shangazi, Dareda. Fausta kwa yeyote atakayemtaka. Na mimi kuna mtu alikuwa ameshaniulizia.

Sikulia. Nilishika jembe.

Sasa shamba la mama, wakuu, kwa macho yangu ya wakati ule lilikuwa vurugu tupu. Mahindi ya rangi tatu, maharage katikati, maboga chini, mbaazi pembeni, ulezi kule kwenye mteremko. Hata mnavu uliojiotea alikataza tusiung'oe.

Baba mdogo alipoliona alicheka. "Hili ni shamba au soko?"

Akaleta mbegu ya mahindi meupe, ya aina moja, yenye magunzi makubwa. Nikang'oa kila kitu. Mbaazi za mama nikazifanya kuni. Vibuyu vyake vya mbegu nikampa jirani, Mama Marsela, alipoviomba. Nilimpa kama mtu anayetoa takataka.

Mavuno yalikuwa mazuri, sitasema uongo. Tulimenya mahindi, tukajaza kihenge mpaka kofia yake ya nyasi ikakaa upande. Nililala kama mtu mwenye wazazi.

Mwezi wa kumi nikaona unga chini ya kihenge.

Unga, wakuu. Laini, kama mtu amekuja kutwangia palepale. Nikafagia. Kesho yake upo tena.

Waliokuwepo wanakumbuka hali ilivyokuwa. Sukari kwa foleni, sabuni hakuna, kiberiti ukikipata unakificha kama hirizi. Kwa hiyo watu waliombana moto. Mama Marsela alikuja kila asubuhi na kigae chake kuchukua makaa jikoni kwetu. Na kila akija, macho yake yanapita kwenye kihenge.

Watoto wake walikuwa na mashavu. Nikajiuliza mashavu hayo yanatoka wapi, wakati wadogo zangu niliwapimia ugali kwa kiganja, na Fausta hata kucheza alikuwa ameacha.

Nikamwaga majivu kuzunguka kihenge ili nione nyayo. Asubuhi nikakuta za kuku tu, na unga umeongezeka.

Hapo akili ikaharibika. Nikasema huyu mama ana dawa. Siku nyingine nikamshuku baba mdogo, maana kihenge kikiwa kitupu ndiye anayeshinda. Hata Bura nilimshuku. Nilimnusa mdomo akiwa usingizini, mdogo wangu wa damu. Mniwie radhi, ndivyo ilivyokuwa.

Mwishowe nikamnyima Mama Marsela moto. Nilimwamkia, maana mama alitulea hivyo, lakini shikamoo ile ilitokea puani.

"Moto umezimika, mama."

Akatazama paa letu. "Umezimika? Na moshi huu ni wa nini?"

Nikajifanya nafagia.

"Natalia, una neno moyoni. Liteme."

"Mahindi yetu yanapungua. Mtu anayeingia hapa kila siku ni wewe."

Aliweka kigae chini polepole. Nilidhani atanipiga. Akakaza kanga kiunoni.

"Shika ngazi hiyo. Napanda."

Akafunua kofia, akatupa hindi moja chini. Lilivunjika kama biskuti kavu. Tundu tupu, vumbi, na vidudu vidogo vyeusi vikitembea bila haraka.

"Leta sikio hapa."

Nikaweka sikio kwenye ukuta wa kihenge. Krr, krr, krr. Ndani palikuwa na karamu.

"Mwizi wako ndiye huyo," akasema kutoka juu. "Anaitwa dumuzi. Kule Sigino amemaliza vihenge vya watu. Mimi nilikuwa nachungulia chenu kila siku nikiomba asifike. Ningekwambia mapema, lakini uso wako ulikuwa umefungwa kama duka la ushirika."

Nilikaa chini palepale kwenye majivu yangu. Krismasi ilikuwa imebakiza chini ya mwezi.

Akashuka, akanisimamia.

"Ulezi wa mama yenu niliupanda. Na mbaazi nimevuna. Dumuzi ulezi hauwezi, punje ni ndogo, atakaa wapi? Nilingoja uje uulize. Hukuja. Ukaninyima moto."

Nilimwomba msamaha. Akasema, "Kwanza beba gunia, msamaha utakuja nyuma."

Tulikula ulezi, mbaazi, maboga na mnavu wa pembeni mwa mfereji. Wiki ya tatu Fausta alikuwa anakimbia tena na kutukana wenzake. Nikajua amepona.

Baba mdogo alikuja siku ya pili ya Krismasi. Hakusalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja kugonga kihenge. Kikalia kama ngoma.

"Natalia, umeshindwa. Wafungie nguo zao."

"Kula kwanza, baba."

Elizabeti akaweka ugali mweusi na mbaazi. Mama Marsela alikuwepo, amekaa kizingitini. Baba mdogo alikula akasafisha sahani kwa kidole. Kisha akaongea chini chini, kama anaongea na sahani.

"Bonga kote mahindi ni vumbi. Huu ulezi... mbegu yake ipo?"

"Ipo. Lakini sema kwanza, Mama Marsela akisikia, kwamba watoto hawatoki hapa."

"Unaniwekea masharti? Mimi baba yako?"

Mama Marsela akadakia, "Shemeji, mjibu mtoto. Masika hayamngoji mtu."

"Hawatoki."

"Sijasikia, baba."

"Hawatoki!"

Ndipo nikainuka kumpimia mbegu.

Wote watatu walikulia mikononi mwangu.

Nilichojifunza ni hiki. Kile nilichokiita vurugu ndicho kilichokuwa afya yetu. Mdudu akila hiki, kile kinabaki, na watoto wanabaki nyumbani. Mpaka leo mtu akiniletea mbegu moja ya kumaliza shida zote, namtazama mara mbili. Binadamu mwenzangu najaribu kumtazama mara moja.

Si vyote vilirudi. Mama alikuwa na maharage yenye madoa ya zambarau, yaliyoiva haraka kuliko yote. Hayakuwemo kwenye vile vibuyu. Nimeyatafuta minadani miaka yote hii, nimeyakosa.

Wa Dareda, Mbulu, Sigino, mama zenu walipanda nini ambacho hamkioni tena? Semeni hapa. Na mwenye hayo maharage, hata kiganja kimoja, nitayafuata mwenyewe.