Nafuu ya Baba

Wiki iliyopita, sokoni Majengo, nilimwona muuza vitabu vya mitumba akipangusa vumbi kamusi ya Kiingereza kama ile tuliyokuwa nayo nyumbani. Nikaikumbuka alasiri moja.

Baba alikuwa tarishi wa ofisi. Siku hiyo alirudi mapema, akinuka jasho na vumbi la kiangazi, akanipa barua ya Kiingereza. "Nisomee, mwanangu. Wewe ndiye msomi wetu."

Mama alikuwa uani akipepeta uwele. Neno moja lilinishinda, "relieved", nikalitafuta kwenye kamusi: kumpa mtu nafuu, kumpunguzia mzigo.

"Baba, wamekupa nafuu!" nikapiga kelele. "Mwezi ukiisha hubebi tena mafaili yao!"

Mlio wa ungo ukakatika. Baba akanishika kichwani. "Umesoma vizuri sana," akasema.

Leo naandika barua kama hizo mwenyewe, na najua kwamba siku ile baba alikuwa ameachishwa kazi. Nadhani alishajua kabla sijafungua kamusi. Lakini jioni ile alimwambia kila jirani aliyepita mlangoni, "Binti yangu anasoma Kiingereza."