Mafuta Yaliyorudishwa Kigali

Mwaka ule, nilipochoka kuzurura Goma, nilivuka mpaka kuingia Rwanda, nikapata kazi ya kupeleka barua katika ofisi ya komine, serikali ya wilaya, Gisenyi. Shule niliiacha mapema, lakini sikuacha kusoma. Kila karatasi niliyotumwa nayo niliisoma kwanza.

Ndivyo nilivyojua kwamba serikali haina mfuko mmoja. Kigali hugawa fedha kwa mafungu: mishahara, matengenezo, mafuta ya gari. Fedha za fungu moja haziendi kwenye jingine, na zisizotumika mwaka ukiisha hurudi hazina.

Mhasibu wetu, aliyerejea kutoka Tanzania, alijivunia kurudisha. Barabara ya kijiji cha Nyakiriba ilikuwa imefungwa miezi mingi kwa sababu ya vita, gari la zahanati ya huko likalala, mafuta hayakununuliwa. Akarudisha fungu lote.

"Wataona huku kuna watu waaminifu," aliniambia akinikabidhi barua.

Niliisoma njiani. Haikutaja barabara hata kidogo. Niliona, nikaipeleka hivyohivyo; ilikuwa imeandikwa vizuri mno.

Makadirio ya mwaka mpya yalipofika, kwenye mafuta ya zahanati palikuwa na kistari tu. Barabara ilikuwa imeshafunguliwa. Wiki haikuisha, mkunga wa Nyakiriba akaingia ofisini, miguu imejaa vumbi.

"Bwana comptable, gari iko, dereva iko. Nipe lita kumi tu. Iko mama moja anazaa tangu jana, mutoto amekaa mubaya."

"Mama, fungu ni tupu. Kigali wameona hamkuhitaji."

"Hatukuhitaji? Njia ilifungwa! Hukuwaandikia?"

Mhasibu alifungua daftari la mafungu. Nami nililisoma nikiwa nyuma ya bega lake.

"Pesa za kupaka ofisi rangi zipo," nikasema.

"Za rangi ni za rangi. Nikizigusa, nafungwa."

"Bon," mkunga akasema. "Mupake. Tukizika watu, tutakuja kuangalia ukuta muzuri."

Nilitoka naye. Kule Nyakiriba, wanaume wa kijiji walimlaza mama yule kwenye ingobyi, machela yao ya kusukwa, wakaipandisha mabegani. Watu wanne hubeba, wengine hufuata wakipokezana. Nilipokea zamu yangu mara tatu kabla ya kufika hospitali ya Gisenyi. Kila tulipokanyaga jiwe, mama alishika mkono wa mkunga, hakupiga kelele.

Mama alipona. Mtoto alitoka amekwisha kufa.

Asubuhi mhasibu aliniuliza mbele ya watu, "Vipi?" Nikamwambia. Akavua miwani, akakaa nayo mkononi mpaka waliokuwa wakisubiri saini yake wakaanza kuondoka mmoja mmoja.