Kontena la Bibi Chini ya Vigae

Nyie, hii habari nisipoitoa nitapasuka.

Kontena lenye kiti cha magurudumu cha bibi yangu nimeliona kwa macho yangu. Hatua thelathini tu. Nikaambiwa, "Rudi mwezi ujao."

Mwezi ujao?!

Bibi alianguka, mguu haumbebi tena. Dirisha lake linatazama ukuta. Anachotaka ni kimoja: atoke nje, aote jua.

Shangazi akamtumia kiti kutoka ng'ambo. Meli ikafika. Kiti wapi! Wiki ya tisa hiyo.

Nyumbani, bingwa wa kulaani alikuwa baba mdogo. "Watu wa bandari ni kupe! Kwani wao hawana mama?"

Juzi nikasema liwalo na liwe. Nikatinga bandarini mwenyewe, nawaka.

Msimamizi wa yadi, mzee mfupi mwenye redio ya mkononi, akaniacha nifoke mpaka mate yakanikauka.

"Umemaliza, binti?"

"Bado!"

"Basi foka ukitazama juu."

Kontena letu lilikuwa chini kabisa. Juu yake manne, mekundu.

"Hayo ni vigae. Mwenyewe anangoja bei ipande. Katufanya ghala lake."

"Si muyatoe!"

"Tuyaweke kichwani? Yadi imejaa mpaka njia za malori. Halafu kuna barua. Mkubwa wetu aliisoma akafuta machozi, akampa siku tisini."

Hapo nikamtukana mwenye vigae tusi la kiatu mpaka kofia. "Alaaniwe yeye na aliyemwandikia!"

Mzee akacheka, akafungua faili. "Isome basi, na wewe ulie."

*Mama yangu mzazi yu kitandani, mguu haumbebi, dirisha lake linatazama ukuta...*



Ile barua niliiandika mimi.

Miezi miwili nyuma, mezani kwetu, baba mdogo alinisimamia: "Wewe si umesoma? Ni ya kuomba muda kidogo tu. Iwe ya kuingia moyoni." Nikajimwaga. Sikuuliza muda wa nini. Kusifiwa nako!

Nikaipiga picha, nikarudi nyumbani. Nikamkuta baba mdogo chumbani kwa bibi, anawalaani kupe wake.

Sikusalimia mtu. Nikaisoma kwa sauti, mwanzo mpaka sahihi yake.

Baba mdogo akamgeukia bibi.

"Mama, biashara unajua..."

"Nibebe," bibi akasema.

"Nikupeleke wapi?"

"Bandarini. Umewaambia siwezi kuinuka. Nibebe mgongoni wanione, kisha niwaeleze kiti changu kimekaliwa na nani."

Nyie, yule mwanaume alitoka mle ndani bila viatu!

Jana malori manne yalitoka na vigae. Leo bibi yuko nje, juani, kwenye kiti chake, anaagiza watu kama mkuu wa jeshi.

Baba mdogo sijamsamehe. Mimi mwenyewe ndiyo kabisa.

Foleni isiposogea, kabla hujatukana, hesabu kwanza watu wa kwenu. Na wewe mwenye kalamu tamu: uliza barua inakwenda kumkalia nani.