Wekundu wa Jambia la Malkia

Siku Zuhura aliponipigia simu nilitaka kumjibu neno moja tu: hapana. Binti yangu huyu anamuuguza mama mmoja wa Kizungu huko Johannesburg. Mzee mmoja wa ukoo wa mama huyo, askari wa Kiingereza, alipora jambia katika jumba la mfalme huko India wakati wa vita. Sasa mama alitaka kulirudisha kwa wenyewe, ila ling'ae kwanza.

"Nimemwambia kwamba baba yangu ni sonara," Zuhura akasema. "Njoo, na mjukuu utamwona."

Nikasema nakuja.

Tanga niliondoka alfajiri, mkobani mna brashi, majivu na ukwaju vya kung'arishia fedha. Kutoka Dar es Salaam basi lilishika njia ya Tunduma, likakatiza Zambia na Zimbabwe. Jirani yangu kitini, muuza vitenge wa Kikongo, alinigawia mihogo yake huku akinitania: "Papa, unavuka nchi zote hizi kwenda kuosha kisu?" Nilicheka mpaka mpakani.

Johannesburg ilikuwa na jua jeupe na baridi kavu. Nyumbani kwa Zuhura, Turffontein, mjukuu wangu alinisalimu kwa salamu ya vijana wa huko, "Sharp, babu!" Kiswahili chake kiliishia kwenye hilo "babu", lakini alinilalia mapajani mchana kutwa. Pilau ikapikwa. Nilifurahi sana.

Kesho yake tulikwenda kwa mama yule, Randburg. Mpini wa jambia ulikuwa wa fedha, wenye kichwa cha kasuku, na shingoni mwake palikuwa na utando mwekundu uliokauka.

"Huu ni nini?" mama aliuliza, Zuhura akafasiri.

"Uchafu tu," nikajibu. Nilisugua mpaka kasuku akawaka.

Jioni alifika mgeni kutoka India, mwanamke wa ukoo wa mfalme, aliyekuja kulichukua. Akaligeuza jambia, akaikagua shingo ya kasuku.

"Ule wekundu uko wapi? Kwenye picha niliyotumiwa ulikuwepo."

Akatueleza kwamba kila mwaka silaha zao hupakwa unga mwekundu kwa heshima. Ule wa kasuku aliupaka malkia wao wa mwisho kwa kidole chake, kabla askari hawajavunja lango.

Nilitamani ardhi inimeze. Fundi Mhindi aliyenifundisha kazi Tanga aliipaka fuawe yake, chuma cha kufulia fedha, unga uleule kila mwaka, nami nilikatazwa kuugusa. Nimeuona ujana wangu wote!

"Kosa ni langu, mama," nikamwambia mgeni. "Binti yangu hana kosa."

Mgeni akatoa kikopo cha unga mwekundu mkobani mwake, akachovya kidole, akampaka kasuku shingoni.

"Haya mzee, sasa linakwenda nyumbani limevaa wekundu wake."

Mama mwenye nyumba alifuta machozi, akaagiza chai, tukanywa sote.

Njiani kurudi Tanga nilizitazama nchi zilezile kwa moyo mtulivu, maana jambia lilikuwa linarudi kwao. Nimejifunza kumuuliza mwenye kitu kabla ya kukiita kitu chake kichafu. Lakini alama ya kidole cha malkia niliifuta mimi, na hakuna wa kuirudisha. Brashi zangu nimezigawa. Safari ile ilinigharimu usonara wangu: mkono huu siuamini tena.