Miguu ya Mwana wa Mfalme

Siku yangu ya kwanza kazini nilivunja sindano tatu kabla ya uji wa saa nne. Ilikuwa karakana ya ushonaji ya misheni, kule Rugu. Sista Msimamizi hakupandisha sauti. Alisema tu, "Kijana, mguu wako una haraka kuliko mkono wako." Mpaka leo nimestaafu, nikikaa kibarazani mguu wa kulia unakanyaga sakafu wenyewe kama uko kwenye cherehani, na mke wangu Paskazia ananiambia iko siku nitachimba kisima.

Rugu nilishona kanzu za watumishi wa altareni na mapazia ya kanisa. Baada ya miaka minne nikachoka, maana mimi sikai mahali. Nikahamia Nyaishozi, kwenye baraza ya duka la mfanyabiashara wa kutoka Muleba, nikawa fundi wa suti za maharusi. Kazi ilikuwa nyingi msimu wa kahawa, watu wanapooa. Niko hapo hapo, shule moja ya upande wa Igurwa ikatafuta fundi wa mavazi ya jukwaani. Mwalimu wa Densi, mama wa Bukoba aliyesoma ng'ambo, alikuwa akiwafundisha watoto baleti, densi ya kizungu inayosimulia hadithi bila kusema neno. Mkuu wa Shule aliniuliza kama naweza kushona nguo za densi hiyo. Nikasema naweza. Nilikuwa sijawahi kuiona hata kwa picha.

Ninyi vijana mnadhani baleti ni ya wasichana na vile visketi vyao vya kusimama. Wavulana wana nafasi zao. Kuna watumishi wa ikulu, wanaobeba pindo la gauni la malkia. Kuna askari. Halafu kuna mwana wa mfalme, anayeruka juu kuliko wote. Koti la kwanza la mwana wa mfalme nililikata kama suti ya bwana harusi, nikaweka na bega la kusimama. Likamkaa mvulana vizuri kabisa, hadi aliponyanyua mikono. Koti zima likapanda mpaka masikioni.

Mwalimu wa Densi alicheka mpaka akakaa chini. "Fundi, bwana harusi anasimama apigwe picha. Huyu anaruka!"

Akanifundisha kushonea kipande cha pembe nne chini ya kwapa, ili mkono upande na koti libaki kiunoni. Akanifundisha na taiti, suruali ya kitambaa kinachovutika, inayobana kutoka kiunoni hadi vidoleni, na mikanda ya lastiki inayopita mabegani isije ikakunjamana magotini. "Goti likijificha," alikuwa akisema, "hadithi imepotea."

Taiti ndizo zilizoleta vita. Wazazi walikuja shuleni wamefura. Mzee mmoja wa Igurwa, mkulima wa kahawa, aliweka fimbo yake juu ya meza yangu ya kukatia.

"Waitu, ndugu yetu fundi, mwanangu umsimamishe mbele za watu na miguu ya kuku?"

"Shikamoo mzee. Kwani ukienda kupalilia kibanja chako, unavaa kanzu?"

"Kanzu shambani? Si itanifunga miguu!"

Akaguna, kisha akacheka na kuchukua fimbo yake. Hivyo ndivyo nilivyowashinda mmoja mmoja, nikajiona bingwa wa maneno.

Mwaka uliofuata Mwalimu akachagua mwana wa mfalme mpya. Alikuwa Deo, mwanangu wa kwanza, miaka kumi na mitatu. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Wenzangu wa barazani Nyaishozi walishaanza: "Fundi, Jumamosi tunakuja kumwona binti yako." Nilicheka nao, lakini nilikuwa naungua ndani. Nilikata kitambaa, nikakiacha, nikatoka nje, nikarudi.

Mwishowe nilishona vazi mara mbili. Nilishona taiti nyeupe kama ilivyotakiwa, kwa vipimo vya Deo mwenyewe. Halafu nikashona suruali ya satini, pana, isiyomwaibisha baba. Taiti nikaificha nyumbani, ndani ya sanduku la vitambaa, chini kabisa.

Siku ya onyesho nilimpelekea suruali. Ukumbi ulikuwa umejaa. Mwalimu alinitazama.

"Fundi, taiti iko wapi?"

"Imechanika, mwalimu."

Nilidanganya, na muda wa kushona nyingine haukuwepo. Deo alinitazama kidogo tu, akavaa nilichompa.

Alicheza vizuri mpaka mruko wa mwisho. Akaruka juu sana, na wakati wa kushuka kisigino kikanasa kwenye pindo la suruali, pindo nililolikunja kwa mkono wangu, akaanguka kifudifudi mbele ya watu wote. Walioanza kucheka ni wenzangu wa barazani. Deo aliinuka, akamaliza, akainama kuaga kama alivyofundishwa. Hakucheza tena. Mwalimu alimwita mara tatu, mara zote akasema anaumwa mguu. Mimi niliendelea pale miaka mingi, nikishona taiti za watoto wa wenzangu.

Sasa nimestaafu na situlii. Napalilia migomba iliyokwisha kupaliliwa, nafungua cherehani ambayo haina ubovu. Wengine husema ni uzee. Mimi najua ni aibu.

Mwezi uliopita Deo alitutembelea kutoka Kyerwa, anakonunua kahawa. Ni mtu mzima sasa, ana kitambi na watoto watatu. Tulipokuwa tunakula nikaona siwezi tena. Nikainuka, nikaitoa taiti sandukuni, nikaiweka mezani kando ya sahani za ndizi.

"Mwanangu, haikuchanika."

Aliishika, akaivuta kidogo kwa vidole. Kitambaa kilikuwa bado kinavutika.

"Najua, tata. Niliiona wiki ile ile, kabla ya onyesho, mlipokwenda msibani wewe na mama. Niliivaa, nikaruka pale uani mpaka kuku wakakimbilia migombani. Ilinienea kabisa."

"Basi mbona siku ile hukusema?"

"Nilikuwa nasubiri unipe wewe."

Akaikunja vizuri, akamwomba mama yake amwongezee maharage.