Mpira Niliomkatia Baba

Fyuu. Ndivyo kilivyolia kifuniko cha tangi mwezi uliopita, njia ya Kiembeni, pikipiki niliyokuwa nimepanda ilipozima na kijana mwendeshaji akashuka kutazama mafuta. Alikifungua, kikavuta hewa kama mtu aliyeibuka kutoka majini, akakifunga, akapiga kiki, ikawaka. "Tundu la kifuniko limeziba, mama," akaniambia. "Hewa isipoingia, mafuta hayashuki. Si kitu." Kwake haikuwa kitu. Mimi nilibaki nimesimama kando ya barabara, kofia mkononi, nikiikumbuka sauti ile ile niliyoisikia nikiwa na miaka tisa, na aibu ikanipanda.

Acheni niwaeleze, maana nimechoka kuibeba peke yangu.

Tulikaa Kisauni, nyumba ya vyumba viwili. Baba alikuwa na pikipiki kuukuu, wekundu wake umepauka kwa jua na chumvi, na kazi yake ilikuwa kutoa mboga soko la Kongowea kila alfajiri na kumpelekea mama kwenye meza yake Kiembeni. Nyanya alizifunga nyuma. Gunia la mchicha alilipakata mbele, juu ya tangi. Sasa kifuniko cha tangi kilikuwa kimelegea, kila shimo la barabara kilitema petroli, na gunia likaifyonza yote. Wateja wakaanza kununa. Mke wa mchungaji wetu alirudisha fungu lake mbele ya watu, akasema mchicha huo si wa kupika, ni wa kuwashia jiko. Mama alicheka nao pale mezani, akaja kulia nyumbani.

Basi mimi, kifungua mimba wa nyumba na mwenye kujiona mwerevu kuliko wote, nikatafuta kipande cha tyubu kuukuu, nikakikata duara kwa wembe na kukipachika ndani ya kifuniko, kikabana kabisa. Petroli haikutoka tena hata tone. Baba alinisifu kwa majirani. "Huyu ndiye fundi wangu," alisema, na wiki nzima sikuosha chombo bila kukumbushwa kwamba mafundi nao huosha vyombo.

Wiki ya pili pikipiki ikaanza kuzima. Ilitoka Kongowea vizuri, lakini ikikaribia Bamburi ilikohoa ikafa. Baba alishuka, akafungua kifuniko na kuchungulia: mafuta yapo. Akafunga, akapiga kiki, ikawaka. Mbele kidogo ikafa tena. Ilikuwa likizo, nami nilikuwa nikipanda nyuma yake kwenda kumsaidia mama, kwa hiyo kila mara niliisikia ile fyuu. Nilidhani ni sauti ya petroli yenyewe. Baba alisafisha kabureta kwa mswaki, akabadilisha plagi, akabadilisha na mpira unaoteremsha mafuta, akavipuliza vitundu vyote kwa kinywa chake mpaka midomo ikamwasha. Wapi. Mboga zilifika jua limeshapanda, zimenyauka, na mama akawa anauza kwa huruma ya watu.

Wakati huo tulikaa na mjomba Charo, mdogo wake mama. Alikuwa kibarua kwa fundi wa pikipiki, na alilala chumba cha mbele, ambako pikipiki nayo ililazwa kwa kuogopa wezi. Mtu wa masihara sana. Akiniita nikaitika "Abee, mjomba," atasema, "Abee haishibishi, niletee chai." Mara mbili alimwomba baba amwachie aitazame ile pikipiki. Baba akakataa, kwani fisi hapewi bucha alinde. Alikuwa ameshajitia akilini kwamba kuna mtu anainyonya petroli yake na kujaza mafuta ya taa, na kila akikaa kula alirudia, "Kikulacho ki nguoni mwako." Siku moja akapekua uvungu wa kitanda cha mjomba akatoa chupa ya mafuta ya taa. Mjomba alikuwa akiyanawia mikono kuondoa grisi. Tulimwona kila jioni akinawa, baba, mama na mimi. Hakuna aliyefungua mdomo.

Ilikuwa Jumapili, tumetoka kanisani. Baba alimwita uani, majirani wakisikia.

"Shemeji, chukua vilivyo vyako. Mimi sifugi mwizi."

Mjomba hakupandisha sauti. Alimtazama dadake, na mama akaendelea kukuna nazi, macho kwenye sahani. Akafunga nguo zake katika shuka. Alipofika mlangoni akageuka. "Shemeji, siku utakayojua, niite. Nitakuja." Akaenda kukaa kwa rafiki yake Changamwe.

Changamwe si mbali. Nataka mlikumbuke hilo.

Jumatatu pikipiki ilizima. Jumanne ikazima, Jumatano ikazima tena. Alhamisi ikatoka Kongowea mpaka Kiembeni bila kukohoa, na tangu siku hiyo haikuzima tena. Majirani wakasema, mwaona, mwizi kaondoka na balaa lake. Nami nikayasema hayo hayo shuleni, kwa fahari. Mtoto haulizi Jumatano kumetokea nini.

Mama akaacha kulitaja jina la nduguye. Miaka mingi baadaye, alipolazwa kwa maradhi yaliyomwondoa, mjomba alikuja kutoka Mariakani, alikokuwa amehamia, na mfuko wa machungwa. Mama aligeukia ukuta, akakaa hivyo mpaka mgeni alipoondoka. Mazikoni mjomba alitupa udongo wake kaburini, kisha hakula kwetu wala hakunywa hata maji.

Siku ile ya Kiembeni, basi, sikufika nilikokuwa nikienda. Nilimwambia yule kijana ageuze anipeleke Kisauni. Baba sasa ni mzee wa magoti mabovu, na pikipiki yake iko nyuma ya nyumba chini ya turubai, haijatembea miaka. Sikupitia hata kumwamkia. Nilifunua turubai, nikafungua kifuniko. Mpira wangu ulikuwa humo humo, umekuwa mgumu, na ukingoni bado una ule mkato wa kombokombo wa mkono wa mtoto. Katikati palikuwa na tundu moja, dogo, la msumari. Mimi sikulitoboa.

Niliuchomoa mpira, nikaingia ndani na kumwekea baba kiganjani. Alilipapasa lile tundu kwa kidole gumba.

"Ulikuwa mtoto," akasema. "Ningewaambia watu kwamba ni wewe?"

Yaani alinifichia mimi. Pengine ni kweli. Pengine pia aliona haya kumwomba radhi shemeji yake mdogo mbele ya majirani wale wale. Yote mawili yananitia hasira, na sitaki kuambiwa kwamba mzazi hakosolewi. Kosa la mpira ningelibeba. Ningechapwa, ningelia, kesho yake ningecheza. Mjomba alibebeshwa wizi, akazeeka nao.

Jumamosi nilikwenda Mariakani. Mjomba ana banda lake la ufundi sasa, mabati manne na benchi. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba kwa upole ule ule, nikamkabidhi mpira. Hakuhitaji maelezo, ni fundi. Aliuinua kwenye mwanga akachungulia lile tundu, na akaniuliza swali moja tu.

"Dadangu aliuona huu?"

"Hapana, mjomba."

Akanirudishia. Akachukua chupa yake ya mafuta ya taa, akaanza kunawa mikono.

Nilipokuwa mdogo niliamini kwamba watu wazima wakidhulumu, ni kwa sababu hawajui, na wakijua watarekebisha. Kutojua kwa baba kuliisha Jumatano ile. Hospitalini, mama alipogeukia ukuta, yeye alikuwa ameketi pale pale kando ya kitanda, akijua.