Josephati Alipomdai Rubani

Mwaka 1951 Antonia alifukuzwa kwao, karibu na Karatu, akiwa na mimba ya miezi mitano. Kwa Wairaqw wa wakati ule, ambao wengine huwaita Wambulu, msichana aliyeshika mimba kabla ya ndoa aliingia katika metimani, yaani kutengwa, na mwanamume aliyempa mimba vivyo hivyo. Mtu haombi moto kwake, hanywi naye, hachoti naye maji kisima kimoja, mpaka wazee wakae na kusema mwiko umekwisha. Alipoulizwa ni nani, Antonia alimtaja Josephati, kijana wa jirani. Josephati akacheka mbele ya watu wote.

"Mimi? Huyu ningemtaka wa nini?"

Kisha yeye huyo huyo akashika fimbo, akamsindikiza Antonia hadi mpakani, akipiga kelele kuliko wenzake.

Antonia akafika Oldeani, akapata kibarua cha kuchuma kahawa, akajifungua mtoto wa kiume. Padri akambatiza Inosenti.

Mtoto alikua akijua tu kwamba baba hana. Siku moja, akiwa darasa la sita, lori la mahindi ya posho likaingia shambani. Mwenye lori alikuwa Josephati, sasa mtu mzima mwenye tumbo na kofia. Akamwona Antonia kwenye foleni.

"Kumbe bado upo wewe? Na hiki ndicho kile kitoto chako cha porini?"

Antonia akainamisha kichwa, akapokea mahindi yake, akaondoka. Kufika nyumbani, Inosenti akaenda moja kwa moja nyuma ya mlango panapokaa panga. Ndipo mama yake alipomweleza yote, tangu kicheko mpaka fimbo.

"Rudisha panga, baba," akamwambia. "Ukimkata, watasema mtoto wa metimani ndivyo alivyo. Mimi nataka aseme kwa kinywa chake mwenyewe, mbele ya watu walewale."

"Na asiposema?"

"Basi nitakufa nasubiri."

Inosenti akarudisha panga, ila hasira hakuirudisha popote. Wiki hiyohiyo ndege ndogo ilipita ikinyunyiza dawa kwenye ngano. Lori la Josephati lilikuwa limesimama barabarani, na Josephati akashuka, akavua kofia, akaitazama ndege mdomo wazi mpaka ilipopotea. Inosenti alikuwa ng'ambo ya barabara. Akasema moyoni: kumbe kipo kinachomfanya huyu mtu ainue uso.

Akasoma kama mtu anayefukuzwa. Alipomaliza kidato cha nne akaingia jeshini, na walipotafuta vijana wa kufundishwa urubani, akawa miongoni mwa waliochaguliwa. Mwingine alikuwa Lembris, Mmasai wa Endulen, mrefu, mwenye kichwa kikubwa mpaka kofia ya rubani ilimkaa juu ya masikio. Hesabu za angani hazikuwasumbua. Kilichowasumbua ni maji. Waliopangiwa kutafuta watu waliopotea baharini walitakiwa kuogelea dakika ishirini na nguo zao zote.

"We Mbulu, tangulia," Lembris alisema ukingoni mwa bwawa. "Watu wangu ni wa maziwa. Maji tunawaachia ng'ombe."

"Ng'ombe mliowaiba kwetu."

"Tuliwachukua tu, walikuwa wanalia kwa njaa!"

Sajini akawasukuma wote wawili.

Inosenti alizama kama jiwe la kusagia. Utotoni aliambiwa kwamba ndani ya visima wanakaa netlaamee, pepo wa maji, na kwamba mtoto wa metimani ndiye chakula chao cha kwanza. Sasa alikuwa chini, macho wazi, pumzi imekwisha, na woga ule wote ukamrukia. Akamwona Josephati na fimbo yake. Akapiga maji kwa mkono, akapiga tena, kama anayempiga mtu. Akaibuka. Tangu siku ile kila alipoingia bwawani alimpiga Josephati kwa dakika ishirini, na mwezi wa tatu sajini akamwandika amefaulu.

"Unaogelea vibaya sana," sajini alisema, "lakini maji yanakuogopa."

Akapelekwa nje kusoma zaidi, akarudi na beji ya mabawa ya urubani kifuani. Akapewa ndege ya injini mbili, na Lembris akawa mwenzake. Kutafuta mtu baharini, watu hudhani ni kuruka huku na huku. Sivyo. Inosenti alifanya kama anavyolima mtu kwa plau ya maksai: mstari kwenda, geuka, mstari kurudi, usiruke hata shubiri moja ya ardhi. Kichwa cha mtu majini ni kidogo kuliko nazi, na ukiacha mtaro mmoja bila kuulima, humo humo ndimo alimo.

Mwaka 1976 boti la injini lililobeba watu kumi na mmoja liliharibika njiani kwenda Mafia, likapinduka. Siku ya kwanza hawakuonekana. Siku ya pili, saa tisa alasiri, mafuta yakaanza kupungua.

"Turudi, Mbulu," Lembris akasema.

"Mtaro mmoja tena."

"Tukianguka sisi, nani atakuja kutulima?"

"Mmoja tu."

Mwisho wa mtaro ule waliona shati jeupe linapungwa. Watu tisa kati ya wale kumi na mmoja walikuwa wameshikilia ubao. Wakawadondoshea boti la mpira, wakazunguka juu yao mpaka meli ya jeshi iliyokuwa karibu ikafika. Lembris alilia waziwazi. Inosenti aliwahurumia wale watu, ndiyo, lakini alipokuwa akizunguka alisema kimoyomoyo: habari hii itafika Karatu.

Ikafika. Redio ikataja jina lake na alikotoka. Haukupita mwezi, barua ikaja, mwandiko wa kuandikiwa: "Mwanangu mpendwa. Mimi baba yako Josephati ninajivunia." Na kilabuni, aliambiwa, mzee alikuwa akijigonga kifua kwamba rubani yule ni damu yake.

Inosenti akasoma barua mara tatu. Kisha akajibu kwa heshima zote: "Mzee, kama ni kweli, tamka mbele ya wazee. Nitasimama kando yako nikiwa na sare."

Josephati hakulala kwa furaha. Akachinja dume, akapika pombe, akawaita watu uwanja wa shule. Siku hiyo Inosenti alisimama kando yake, mabawa yanang'aa.

"Ndugu zangu," Josephati akaanza, "huyu mnayemwona ni mwanangu. Nilimzaa na Antonia!"

Mzee Clemensi, aliyekuwapo siku ya kufukuzwa, akaweka chini kibuyu chake.

"Rudia, Josephati."

Josephati akadhani wanataka kushangilia. Akarudia kwa sauti kubwa zaidi.

"Mwaka ule ulikataa," Clemensi akasema.

"Ule ulikuwa utoto, mzee wangu."

"Mwenzako alikaa metimani peke yake. Ya kwako uliikaa lini?"

Hapo ndipo alipoelewa. Miaka ishirini na mitano aliuficha mwiko, akanywa na watu, akachanganya mifugo yake na ya watu, na leo ameutoa mwenyewe mdomoni. Aliyeketi karibu naye akasogea. Mwingine akamwaga pombe yake. Akina mama wakawavuta watoto.

"Mwanangu, waambie," Josephati akamshika mkono Inosenti.

Inosenti akautoa ule mkono polepole. "Ulishasema wewe, mzee. Mimi niseme nini?"

Wazee wakaamua: mwaka mzima asiombe moto, asinywe na mtu, achote maji chini kabisa ya kijito. Na hata mwaka ukiisha, hafunguliwi mpaka Antonia aje kwenye maombi ya kumwondolea mwiko.

Mwaka ukaisha. Mjumbe akaenda Oldeani. Antonia, mwenye kusali rozari kila siku na kulisha wagonjwa, akamkaribisha chai. "Waambie kahawa imeiva, naichuma." Safari ya pili akasema mguu unamuuma. Ya tatu, mjumbe alimkuta anafagia yadi kwa mguu uleule.

Inosenti alipokuja likizo akamuuliza, "Mama, kwani humwombei yule mzee?"

"Namwombea, baba. Kila asubuhi."

"Unamwombea nini?"

Antonia akammiminia mwanawe chai.

"Maisha marefu."